Shemeji anataka gari langu lisajiliwe kwa TIN yake

BARUA

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi nasubiri yangu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Pasiansi hapa Mwanza. Nauza dagaa kwa jumla pale mwaloni Kirumba. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu mpole asiyependa maneno, na upole wake huo ndio sasa unanitesa.

Nilianza kuweka pesa ya gari muda mrefu. Si la kubebea magunia. Nataka la kunifikisha kwa wateja wangu Magu, Misungwi na Sengerema (tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, wateja wa ng'ambo ile wameongezeka) na la kuwapeleka watoto shule. Nikachagua Toyota Sienta. Niliagiza mwenyewe Japani, kwenye kampuni ambayo mwenzangu wa mwaloni aliwahi kuitumia. Wakanitumia ankara, nikalipia benki hapa hapa mjini kwa jina langu kamili. Gari limeshafika Dar es Salaam. Hati zake zililetwa na watu wa vifurushi mpaka mlangoni, nimezifungia kwenye sanduku la vitenge.

Sasa balaa. Kabla sijaagiza, kijana wa steshenari alinipigia hesabu kwenye kikokotoo cha TRA. Aliweka mwaka 2016 kama tangazo lilivyosema, kodi ikaja milioni tisa na kitu. Nikatenga 9,800,000. Gari lilipofika, mdogo wa mume wangu anayekaa Mbagala akasema ana rafiki yake bandarini, huyo ndiye atalitoa. Rafiki akaja na hesabu ya karibu milioni 12 na nusu, eti gari ni la 2015. Nikasema sina. Jioni shemeji akanitumia ujumbe huu, naunukuu kama ulivyo:

"Shem usihangaike. Jamaa anatengeneza ankara nyingine ya bei ndogo. Tuma 8M leo kwenye namba hii ya jamaa, wiki hii gari linatoka. TIN tutumie yangu, yako ya biashara itakuletea makadirio makubwa TRA. Tutahamisha baadae. Zile hati zipakie basi la usiku."

Namba yenyewe ni ya mtu binafsi, jina lililotokea silijui. Nilipouliza habari ya risiti, shemeji akanuna. Mume wangu anasema nitume tu, "ni ndugu yangu, hawezi kutuibia". Mama mkwe naye amepiga simu kutoka Kwimba, ananiuliza kama pesa za dagaa zimenisahaulisha nimeolewa ukoo gani. Na mimi nisiseme uongo, shemeji si mtu mbaya. Mwanangu wa pili alipolazwa Dar, ni yeye aliyelala naye hospitali. Lakini huyo rafiki yake simjui hata kwa sura.

Nina mengine mawili. Jirani yangu wa kizimba anasema nimepoteza hela, ningechukua gari Uganda likapita Mutukula bila kodi kwa kuwa tuko Jumuiya moja. Na mpwa wa mume wangu ameshatangaza kwamba gari likifika ataliingiza ruti ya Buhongwa na Kisesa, aniletee hesabu kila jioni.

Mwezi sasa ni mpevu, dagaa hakuna, pesa haizunguki, na naambiwa kila siku gari linapolala bandarini linalipishwa. Nifanyeje?

Wabeja sana.
Mama Wawili, Pasiansi

JIBU

Marahaba, dada yangu. Nimekuzidi kidogo, kwa hiyo nitasema kama dada mkubwa.

Hiyo milioni nane usiitume. Wala nusu yake usiitume "kama kianzio". Na hati zilale humo humo kwenye sanduku la vitenge mpaka umalize kusoma hapa.

Nianze na kodi, kwa sababu hapo rafiki wa shemeji huenda amesema kweli, na ni vizuri kumpa mtu haki yake kabla ya kumkatalia mengine. Matangazo ya magari ya Japani mara nyingi huandika mwaka na mwezi gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza kule kwao. TRA wanataka mwaka liliotengenezwa. Gari linaweza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2015, likakaa kwa muuzaji, likasajiliwa Februari 2016, na kwenye tangazo likaitwa la 2016 bila mtu kudanganya neno hata moja. Kijana wa steshenari naye akajaza alichokiona. Tofauti ni ya miezi michache, ila kwa gari lako miezi hiyo imekuvusha mstari.

Mstari wenyewe uko hivi. Juu ya ushuru wa kawaida kuna ushuru wa uchakavu. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, likipita miaka 10 hutozwa asilimia 30. Mwaka huu wa 2026, gari la 2016 bado liko kwenye 15. La 2015 limeshaingia 30.

Tufanye hesabu, kalamu mkononi. Tuseme TRA wamelithamini gari, pamoja na usafiri wa meli na bima yake mpaka Dar, kwa 12,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 3,000,000, jumla inakuwa 15,000,000. Juu ya hiyo 15,000,000 unatoza ushuru wa bidhaa. Injini ya Sienta haifiki cc 1,500, na magari ya cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, kwa hiyo 750,000. Uchakavu wa asilimia 30 ni 4,500,000. Jumlisha vyote, unapata 20,250,000, na VAT ya asilimia 18 juu yake ni 3,645,000. Kodi zote hizo nne zinafika 11,895,000, kabla ya tozo ndogo ya forodha, tozo ya reli na ada ya usajili. Rudia hesabu hiyo hiyo kwa uchakavu wa asilimia 15 na utapata 9,240,000. Mwaka mmoja tu umekula 2,655,000.

Kwa hiyo milioni 12 na nusu si lazima iwe imepikwa. Ila usiipokee kwa mdomo. Fungua kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, weka modeli, cc na mwaka 2015, uone mwenyewe. Kisha iandikie kampuni iliyokuuzia wakutumie uthibitisho wa mwaka wa kutengenezwa kwa namba ya chesisi. Wakileta ushahidi kwamba ni la 2016 kweli, una hoja ya kupeleka forodha. Wakisema 2015, kubali na usonge mbele. Na kwa wasomaji wengine wanaotaka kuagiza, namba ya chesisi ndiyo ya kuomba kwanza, kabla hata ya kuuliza rangi. Viwango vyenyewe hupitiwa kwenye kila bajeti, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Gari lililo baharini mwezi Juni linaweza kukuta hesabu nyingine.

Sasa ile ankara ya bei ndogo. Haisaidii, dada, hata ukiweka uaminifu kando. TRA wana kanzidata yao ya thamani za magari yaliyotumika, na ndiyo wanayoitazama. Ukileta ankara inayosema Sienta imenunuliwa bei ya pikipiki, afisa atarudi kwenye kanzi yake, na kodi itabaki ile ile. Tofauti ni kwamba sasa kuna hati ya kughushi yenye jina lako kwenye jalada la forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaliita hilo kosa la jinai. Kuna faini, kuna kifungo, na gari lenyewe linaweza kutaifishwa. Sasa jiulize swali la mfanyabiashara: kama ankara hiyo haishushi kodi, milioni nane ya jamaa inakwenda kulipa nini? Mimi jibu ninalolipata ni moja tu. Kodi hailipwi, gari halitoki, na wiki mbili baadaye unaambiwa "kuna kitu kidogo kimekwama, ongeza tatu".

Watu wa namna hiyo bandarini wanaitwa vishoka, na shemeji wako pengine hajui kama rafiki yake ni mmoja wao. Kishoka mzuri hupendwa na kila mtu. Anajua jina la kila geti, anapiga simu mbele yako na kumwita mtu "bosi".

Kubwa kuliko hayo yote ni karatasi zilizomo sandukuni. Leo jioni zitoe, uzitandaze kitandani, uzisome. Utakuta ankara, cheti cha Japani cha kufuta usajili wa gari kwa ajili ya kulisafirisha pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, na hati ya shehena, ile ambayo mawakala wanaiita B/L. Hiyo ya tatu ndiyo ufunguo. Watu wa meli hutoa kibali cha kuchukua gari kwa anayewaletea hati hiyo ya asili. Tazama kwenye nafasi ya mpokeaji mzigo kama ni jina lako, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kisha chukua cheti cha Japani uilinganishe namba yake ya chesisi na ile ya kwenye hati ya shehena, tarakimu moja moja, kidole kikiwa juu ya karatasi. Tarakimu moja ikipishana, sema sasa kwa kampuni iliyokuuzia. Sasa hivi inarekebishwa kwa barua pepe, ila gari likishasajiliwa itakupeleka ofisi hadi ofisi.

Halafu geuza nyuma ya hati ya shehena. Kama ni tupu, iache tupu. Ukiisaini nyuma bila kuandika unampa nani, umeachia haki ya mzigo kwa yeyote atakayeishika. Hati kama hiyo haipakiwi basi la usiku pamoja na ndizi na vifaranga.

Kuhusu TIN, nitakawia kidogo, maana hapa ndipo wanawake wengi wanaofanya biashara huku Kanda ya Ziwa wanapoumia, na wanaumia kwa sauti ya chini.

Usajili wa gari linaloingia hufuata TIN iliyotumika kuliingiza. Ikiingizwa TIN ya shemeji, kadi ya gari itatoka na jina la shemeji. Si lako wala la mumeo. Kuanzia siku hiyo gari ni lake mbele ya polisi, benki, kampuni ya bima na mahakama. Wewe unabaki na ujumbe wa simu unaosema "tutahamisha baadae". Kuhamisha kwenyewe kunataka mkataba wa mauziano, sahihi yake, ada na ushuru wa stempu; yaani utalinunua gari lako mara ya pili, kwa ruhusa ya mtu mwingine. Akiwa na deni lililofika mahakamani, gari linaweza kushikwa. Na Mungu amwekee umri mrefu, lakini akitangulia mbele ya haki kabla hamjahamisha, Sienta inaingia kwenye mirathi. Hapo utasimama mbele ya mjane wake na watoto wake ukidai mali iliyoandikwa jina la marehemu. Hata kama kila mtu kwenye kikao anajua ukweli, kuna siku watu huchagua kutojua.

Hofu ya makadirio nayo haina miguu. TRA hukukadiria kwa mauzo ya biashara yako. Kuwa na gari la kutembelea kwenye TIN yako hakugeuki kuwa mauzo ya dagaa. Kama ritani zako ziko sawa, huna cha kuficha. Kama haziko sawa, kazi hiyo itakusubiri hata ukipanda daladala.

Basi gari linatokaje? Mtu binafsi hawezi kujaza mwenyewe tamko la forodha, lazima wakala wa forodha mwenye leseni. TRA huchapisha majina ya kampuni zenye leseni ya mwaka husika, na mawakala wana chama chao, TAFFA. Chukua majina ya kampuni mbili au tatu, piga simu, waombe makisio kwa maandishi yenye mafungu tofauti: kodi ya TRA, gharama za bandari au bandari kavu, malipo ya wakala wa meli, na ujira wao. Kampuni inayokupa jumla moja bila mchanganuo, iache. Ukishachagua, unaandika barua ya idhini inayotaja jina la kampuni na namba ya chesisi. Hati ya shehena unaipeleka kwa kampuni hiyo, ofisini kwao, na mtu anaisainia kuipokea.

Kodi humpi wakala. Tamko likishapita, mfumo hutoa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontro namba, na unailipia wewe mwenyewe benki hapo hapo Mwanza. Pesa inakwenda serikalini bila kupita mfukoni mwa mtu. Ujira wa wakala unakwenda kwenye akaunti ya kampuni, nao wanakukatia risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA. Ukimwambia mtu maneno haya mawili, kontro namba na risiti ya EFD, akanuna, umeshamjua.

Sasa pengo la pesa. Una 9,800,000. Ukiweka kodi, bandari, meli na wakala, utahitaji zaidi ya milioni 13, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Najua giza likirudi wavuvi watawasha taa na dagaa zitaingia, lakini hilo ni suala la wiki kadhaa, na gari likikaa sana forodha inaweza kulitangaza na kulipiga mnada. Kwa hiyo muulize wakala siku za bure zinaisha lini na baada ya hapo ni kiasi gani kwa siku. Akupe kwa maandishi. Weka namba hiyo pembeni ya riba ya mkopo, uone kipi kinauma zaidi. Mara nyingi bandari inauma zaidi.

Mkopo wa kwanza ninaouona si wako. Mumeo ni mwalimu, ana mshahara na bila shaka ana SACCOS yake. Amesema nduguye hawezi kuwaibia; vizuri, basi upendo wa ndugu auoneshe kwa kukopa milioni mbili kwa riba ya chama, ili mdogo wake asiingizwe kwenye kesi ya ankara ya kughushi. Wa pili ni kikoba chako. Wa tatu ni madeni yako ya Magu na Sengerema, maana sijawahi kumwona muuza dagaa wa jumla asiyedai mtu. Na ikishindikana kabisa, muulize wakala kuhusu kulihifadhi gari kwenye ghala la forodha kwa dhamana, ambako kodi husubiri mpaka utakapolitoa. Lina gharama yake, lakini linaondoa presha ya kila siku.

Na shemeji? Usimwite mwizi, maana umesema mwenyewe kwamba si mtu mbaya, na aliyelala na mtoto wako wodini hastahili neno hilo. Mpe kazi ya kweli. Mwombe aende kwenye ofisi ya kampuni utakayoichagua aone kama ipo na ina kibao mlangoni. Siku ya ukaguzi akalione gari, apige picha namba ya chesisi, matairi, spea, jeki, na kama redio bado iko mahali pake. Vitu vidogo hupotea njiani. Mlipie nauli na siku yake, kwa heshima, kama ungemlipa mtu baki. Mumeo ndiye ampigie simu, si wewe, na aseme hivi: "Mdogo wangu, kodi tunalipa wenyewe benki, jina ni la shemeji yako, na tunakuhitaji wewe kwa kulileta nyumbani." Mama mkwe asikie kutoka kwa mwanawe. Mpole au si mpole, simu hiyo ni yake.

Kodi ikishalipwa, gari linapewa namba na kadi, na vibao vinatengenezwa. Gari lako la kutembelea linavaa vibao vya njano. Lisiondoke Dar bila vibao na bila bima, hata kama mtu anakuambia "barabarani tunajuana". Bima ya chini kabisa, ile ya mtu wa tatu kwa gari binafsi, ni 118,000 ikiwa na VAT. Anayekuuzia kwa 60,000 anakuuzia karatasi. Ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kwa simu yako. Bima ikiwa halali itaonekana palepale. Kwa gari jipya kwako na safari ya kwanza ndefu namna hiyo, mimi ningekata bima kubwa.

Toka Dar mpaka Mwanza, kwa Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Yafanyeni ya siku mbili, mlale Dodoma au Singida, na dereva asitembee usiku. Kwanza atazame matairi, kwenye ubavu kuna tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka yaliyotengenezwa. Tairi lenye sura nzuri lililozeeka Japani halitaifikia Nzega kwenye joto lile. Vijijini ni spidi 50, na tochi za trafiki hazisinzii; kila kosa ni 30,000, na deni linafuata namba ya gari, linaonekana kwenye mfumo wa polisi mpaka ulipwe. Leseni ya barabara ya kila mwaka usiulizwe na mtu, ilifutwa 2017.

Likifika usishangae redio kushika stesheni chache. Masafa ya Japani yanaishia chini, mafundi wa mjini wanaweka kifaa kidogo kinachoyapandisha. Kitakachokusumbua zaidi ni mawe. Sienta iko chini, na kwa vilima vya Mwanza, kama njia ya kwako ni ile yenye mwamba katikati, fundi akutazamie springi na kinga ya injini kabla hujaanza kuihesabu migongano. Na hata kama umesema si la magunia, najua utakuja kubeba "sado mbili tu" za dagaa siku moja. Zifunge vizuri, harufu ile ikiingia kwenye AC haitoki.

Jirani wa kizimba hajakosa huruma, amekosa habari. Jumuiya huondoa ushuru kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Gari la Kijapani halibadiliki kuwa la Uganda kwa kulala Kampala. Likivuka Mutukula na namba za Uganda linapewa kibali cha muda tu, muda ukiisha ama lirudi ama lilipiwe kodi hizi hizi. Wanaoendesha hivyo Mwanza kwa miezi huwa wanajua vichochoro vya kukwepa trafiki kuliko wanavyojua njia kuu.

Mpwa wa mumeo asubiri. Ukianza kupakia abiria kwa nauli, hilo si gari la kutembelea tena: linataka leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), vibao vyeupe, bima ya biashara, na hapo ndipo kodi ya mapato ya usafirishaji inapoingia. Kijana akamatwe Igoma na abiria sita na bima ya gari binafsi, kampuni ya bima haitakujua. Kama kweli anataka kazi ya ruti, aandike hesabu yake kwenye daftari: mafuta, matairi, LATRA, bima na siku ambazo gari liko kwa fundi. Mwambie alilete kwako. Wewe unauza dagaa kwa jumla, hesabu mbovu utaiona kwenye ukurasa wa kwanza.